Sura ya Tano: Dakika Kumi na Saba

Jumapili ya tarehe 22 Mei 2011, saa 11:11 jioni, ving'ora vililia katika mji wa Joplin, jimbo la Missouri, nchini Marekani. Mji ulikuwa na furaha siku hiyo. Mahafali ya wanafunzi wa sekondari yalikuwa yamefanyika alasiri katika ukumbi wa chuo kikuu, na familia nyingi zilikuwa njiani kurudi nyumbani au kwenda kula. Saa 11:17 Idara ya Hali ya Hewa ilitoa onyo la tonado lililouhusu mji wenyewe. Saa 11:34 tonado iligusa ardhi upande wa magharibi, ikapanuka hadi kukaribia kilomita moja na nusu, ikaupasua mji katikati kuelekea mashariki. Watu 161 walikufa na zaidi ya 1,000 wakajeruhiwa.

Kwa wataalamu wa hali ya hewa, dakika 17 ni muda wa kuridhisha. Maonyo mengi humpa mtu dakika kama kumi hivi, na zipo tonado zinazopiga bila onyo lolote. Ndani ya dakika 17 mtu anaweza kumbeba mtoto, kumshika mkono bibi, kuvaa viatu na kushuka chini, na muda ukabaki. Kwa hiyo wachunguzi waliofika Joplin baada ya maafa hawakuishia kwenye rada. Walitaka kujua watu walizitumiaje zile dakika.

Majibu ya manusura yalifanana. Walio wengi walisikia king'ora cha kwanza na hawakujificha. Wengine walitoka nje kutazama mawingu, wengine wakawasha televisheni, wengine wakawapigia simu ndugu kuuliza kama nao wamesikia. Mpaka walipopata dalili ya pili, ya tatu au zaidi, ndipo wakakimbia. Walieleza kwamba ving'ora vya mji wao hulia mara kwa mara na hakuna kinachotokea. Na siku ile tonado yenyewe ilikuwa imejifunika kwa mvua nzito, hata aliyetoka kuitafuta kwa macho aliona giza la mvua tu mpaka ilipomfikia.

Siwalaumu. Kuuliza kabla ya kukimbia ni akili ya kawaida, na mara nyingi humfaa mtu. Lakini tonado haimpi mtu nafasi ya kuuliza mara tatu. Naandika sura hii nikiamini kwamba zile dakika huokolewa siku ya kawaida, jua likiwaka, pale familia inapokubaliana mapema itajificha wapi na nani atambeba nani. Familia iliyokwisha kukubaliana haina la kujadili king'ora kinapolia.

Msomaji wa pwani ya Tanzania asiichanganye tonado na kimbunga cha baharini. Kimbunga Hidaya cha Mei 2024 kilifuatiliwa kwa siku kadhaa kikiwa bado katika Bahari ya Hindi, na taarifa zilitolewa kabla hakijakaribia Mafia. Tonado ni nguzo ya upepo unaozunguka kwa kasi, inayoshuka kutoka kwenye wingu kubwa la radi mpaka ardhini, na nyingi huisha kabla ya dakika kumi. Marekani hupata zaidi ya 1,000 kwa mwaka, na sababu ni jiografia yake. Hewa ya joto na unyevu hutoka Ghuba ya Meksiko, hewa kavu hutoka upande wa milima ya magharibi, na juu yake hupita upepo mkali unaobadili mwelekeo kadiri mtu anavyopanda angani. Zikikutana, wingu zima huweza kuanza kuzunguka. Ila mawingu mengi yanayozunguka hayazai tonado, na wanasayansi bado wanahangaika kujua kwa nini moja huzaa na jirani yake halizai.

Kulikuwa na wakati ambapo serikali ilikataa hata kulitamka jina la balaa hili. Katika miaka ya 1880, John Finley, aliyekuwa katika kikosi cha mawasiliano cha jeshi, ambacho ndicho kilichosimamia utabiri enzi hizo, alianza kutabiri siku zenye uwezekano wa tonado. Wakubwa wakahofia taharuki. Neno hilo likapigwa marufuku katika utabiri, na kwa miongo kadhaa wananchi hawakulisikia kutoka kwa serikali yao.

Gharama ya ukimya huo ilionekana tarehe 18 Machi 1925. Tonado moja ilitembea takriban kilomita 350 kupitia Missouri, Illinois na Indiana kwa muda wa saa tatu na nusu hivi, ikaua watu 695. Mpaka leo hakuna tonado iliyoua wengi kiasi hicho Marekani. Kinachoniuma nikisoma habari zake ni zile saa tatu na nusu. Miji ya mwisho ilipigwa muda mrefu baada ya ile ya kwanza, na bado watu wake hawakuwa wameambiwa kwamba kuna kitu kinakuja.

Mabadiliko yalianzia katika kambi ya jeshi la anga ya Tinker, Oklahoma. Tarehe 20 Machi 1948 tonado iliipiga kambi hiyo bila onyo na kuharibu ndege nyingi. Maofisa wawili wa hali ya hewa, Ernest Fawbush na Robert Miller, wakaagizwa kuchunguza kama jambo hilo lingeweza kutabirika. Walizichambua ramani za hali ya hewa zilizotangulia tonado za zamani, wakatafuta yanayofanana. Siku tano baadaye, tarehe 25 Machi, waliona ramani ya siku hiyo ikishabihiana mno na ile ya tarehe 20. Wakatoa utabiri. Ndege zikaingizwa ndani na kufungwa, watu wakaondolewa sehemu za hatari. Jioni ileile tonado ya pili ikaipiga kambi hiyohiyo. Hasara ilikuwa kubwa tena, ila hakuna aliyejeruhiwa. Mwaka 1950 mkuu wa Idara ya Hali ya Hewa, Francis Reichelderfer, akawaandikia maofisa wake kwamba wako huru kulitumia neno tonado pale wanapokuwa na sababu ya kufanya hivyo.

Baada ya hapo zikaja rada. Tarehe 24 Mei 1973, huko Union City, Oklahoma, watafiti waliitazama kwa rada ya Dopla, ambayo hupima mvua na pia mwendo wa upepo ndani ya wingu, tonado ikitengenezwa juu kabla haijagusa ardhi. Katika miaka ya 1990 mtandao wa rada za aina hiyo, takriban 160, ulienezwa nchi nzima. Leo mtaalamu aliyeketi mbele ya skrini huona mzunguko ukikaza, na ndani ya dakika moja au mbili lazima aamue: atoe onyo au asubiri?

Kati ya maonyo kumi ya tonado, takriban saba hupita bila tonado kupiga eneo lililotajwa. Wapo wanaosema maonyo yapunguzwe ili watu wayaheshimu. Mimi nipo upande wa wanaotoa. Kila anayesubiri uhakika kabla ya kuonya anazila dakika za watu, na katika jambo hili uhakika kamili huja pamoja na mabati yanayoruka. Hata hivyo somo la Joplin lilichukuliwa kwa uzito. Kuanzia mwaka 2012 ofisi za Kansas na Missouri zilianza kujaribu maonyo yanayoeleza madhara yanayotarajiwa: nyumba zitabomolewa, magari yatatupwa, asiye na kinga yuko hatarini kufa. Utaratibu huo baadaye ukaenea nchini kote.

Anayeishi huko lazima atofautishe taarifa mbili. Ya kwanza nitaiita angalizo. Hutolewa saa kadhaa kabla, kwa eneo kubwa, na maana yake ni kwamba hewa ya leo inaweza kuzaa tonado. Ya pili ni onyo, yaani tonado imeonekana kwa macho au rada imeuona mzunguko, na eneo lililotajwa ni dogo. Wakati wa angalizo chaji simu, weka viatu na helmeti karibu, ujue kila mtu wa nyumbani yuko wapi. Onyo likitoka, mipango imekwisha. Nenda.

Uende wapi? Hapa ndipo imani za kale zimeua watu, na mji wa Topeka, Kansas, unastahili kusimuliwa. Kusini-magharibi mwa mji huo kuna kilima kinachoitwa Burnett's Mound, na kwa muda mrefu wakazi waliamini kwamba kilima hicho kinaulinda mji dhidi ya tonado. Jioni ya tarehe 8 Juni 1966 tonado kubwa ilipanda juu ya kilima hicho hicho, ikashuka, ikaukata mji kutoka pembe hadi pembe. Katika kituo cha televisheni cha WIBW alikuwepo Bill Kurtis, mwanafunzi wa sheria aliyeshika zamu jioni hiyo. Alipopata habari kwamba nyumba zimeanza kubomolewa, aliacha sauti ya kawaida ya utangazaji, akawasihi watu kwa jina la Mungu wajifiche. Watu walimsikia. Waliokufa walikuwa 16, katika mji uliokuwa na zaidi ya wakazi 100,000, na kwa njia iliyopita tonado ile wangeweza kuwa mamia. Nadhani sauti yake ilifanya kile ambacho king'ora pekee kisingefanya: iliwaondolea watu haja ya kuuliza tena.

Topeka ilivunja imani nyingine pia. Familia zilikuwa zimefundishwa kwamba pembe ya kusini-magharibi ya chumba cha chini ya ardhi ndiyo salama zaidi, kwa kuwa tonado hutoka upande huo na vifusi hurushwa kuelekea upande wa pili. Joe Eagleman wa Chuo Kikuu cha Kansas alikagua nyumba zilizobomoka, akakuta kwamba upande huo ndio uliokuwa hatari zaidi, maana nyumba zilisukumwa na kuangukia ndani. Ushauri wa leo ni mwepesi kukumbuka: shuka chini kadiri uwezavyo, kisha ingia katikati ya nyumba kadiri uwezavyo, mbali na madirisha. Kama kuna chumba cha chini ya ardhi, kaa chini ya meza nzito au ngazi. Kama hakuna, tafuta bafu, kabati la nguo au korido ya ghorofa ya chini isiyopakana na ukuta wa nje. Hesabu kuta zilizopo kati yako na nje; kila moja inasaidia. Jikunyate, jifunike kichwa kwa mikono, godoro au mablanketi mazito. Helmeti ya baiskeli ya mtoto si mzaha hata kidogo, kwa sababu wengi hufa kwa kupigwa na vitu vinavyoruka. Na viatu vivaliwe mapema, kwani baada ya upepo sakafu huwa vioo na misumari.

Madirisha yaache yalivyo. Ile nadharia kwamba nyumba hupasuka kwa tofauti ya mgandamizo wa hewa na kwamba kufungua madirisha huiokoa haina ukweli. Upepo ndio unaobomoa, na anayehangaika na madirisha amesimama mahali pabaya kuliko pote.

Aliyeko dukani au ghalani aepuke ukumbi mpana wenye paa refu. Huko Joplin kuta ndefu za duka kubwa la vifaa vya ujenzi ziliangukia ndani na kuua watu, wakati watu waliojibana ndani ya chumba cha baridi cha vinywaji katika duka la kituo cha mafuta walitoka hai, ingawa duka lenyewe lilibomoka. Vyoo, ofisi za ndani na vyumba vidogo vyenye kuta za zege ndiyo makimbilio. Mfanyakazi mgeni aulize siku ya kwanza kazini, bila aibu: tonado ikija tunajificha wapi? Mkuu wa zamu asiyekuwa na jibu anapaswa kulitafuta siku hiyohiyo.

Gari ni mtego. Mwaka 1991 kikundi cha waandishi wa televisheni kilijirekodi kikijificha chini ya daraja la barabara kuu huko Kansas, upepo ukapita, wote wakapona. Mkanda ule ulitazamwa kila mahali na kuwafundisha mamilioni jambo baya. Tarehe 3 Mei 1999, tonado yenye upepo wa zaidi ya kilomita 480 kwa saa ilipopita kusini mwa jiji la Oklahoma, watu walisimamisha magari na kupanda chini ya madaraja. Siku hiyo watu watatu waliuawa katika madaraja matatu tofauti, na wengine wakaumia vibaya. Chini ya daraja upepo hubanwa na kuongeza kasi, na vifusi hupita humo pamoja nao.

Tarehe 31 Mei 2013, eneo la El Reno, ilizuka tonado yenye upana wa takriban kilomita 4.2. Watu wa Oklahoma, ambao siku kumi na moja tu nyuma walikuwa wameshuhudia mji wa Moore ukibomolewa, waliingia barabarani kwa maelfu ili kuikimbia. Barabara zikaziba. Miongoni mwa waliouawa ndani ya magari alikuwemo Tim Samaras, mtafiti aliyeheshimika kwa uangalifu wake, pamoja na mwanawe Paul na mwenzao Carl Young. Usiku huohuo mvua kubwa ilifurika jijini, na familia zilizokuwa zimejificha ndani ya mifereji ya maji ya mvua zilisombwa. Habari hii huniuma kuliko nyingine zote, kwa kuwa watu hao walikuwa wametii. Waliambiwa washuke chini ya ardhi, wakashuka mahali pekee walipopajua. Kalvati na mfereji wa maji visihesabiwe kamwe kuwa handaki.

Waishio katika nyumba za kuhamishika, zile ndefu nyepesi zinazoletwa kwa lori na kuwekwa juu ya nguzo, wana shida ya peke yao. Nyumba hizi ni sehemu ndogo tu ya makazi ya Wamarekani, lakini kwa miaka mingi karibu nusu ya vifo vya tonado vimetokea humo. Hakuna pembe salama ndani yake. Kwa familia hizi angalizo lichukuliwe kwa uzito wa onyo. Waondoke mapema, barabara zikiwa bado wazi, waende kwa ndugu, kanisani au kwenye makimbilio ya umma penye jengo imara, hata kama mara nyingi watarudi usiku bila kitu kutokea.

Limebaki suala la lugha. Tarehe 22 Mei 1987, miaka 24 kamili kabla ya Joplin, tonado ilikifuta karibu chote kijiji cha Saragosa, magharibi mwa Texas. Watu 30 walikufa, wengi wao wakiwa ukumbini kwenye sherehe ya watoto wadogo waliokuwa wakihitimu. Maonyo yalikuwa yametolewa. Lakini wakazi wengi walizungumza Kihispania na walifuata vituo vya Kihispania, na onyo halikuwafikia kwa namna ya kuwatosha kuchukua hatua.

Nikisoma habari za Saragosa nawawaza watu wetu. Usiku wa kuamkia tarehe 11 Desemba 2021, tonado kadhaa ziliikumba Kentucky. Mmoja wa miji iliyopigwa ni Bowling Green, ambako watu 17 walifariki. Tonado ilifika baada ya saa saba usiku, watu wakiwa wamelala, na ilipita katika mitaa yenye familia nyingi za wahamiaji. Mji huo umepokea wakimbizi kwa miongo mingi, kuanzia Wabosnia hadi watu wa Myanmar na Kongo, na Kiswahili husikika madukani na viwandani mwake. Mtu aliyekulia Uvira au katika kambi ya Nyarugusu anaijua mvua ya radi. Tonado ya saa saba usiku, mwezi wa Desemba, hakuna aliyemsimulia.

Simu za Marekani hupokea onyo la dharura kwa mlio mkali usiofanana na mlio mwingine wowote. Ujumbe huja kwa Kiingereza, na kwa Kihispania pale simu ilipowekwa hivyo. Mwezi Oktoba 2023 tume inayosimamia mawasiliano ilipitisha kanuni za kuongeza ujumbe uliotafsiriwa tayari katika lugha 13 zinazozungumzwa zaidi nchini humo baada ya Kiingereza. Kifaransa na Kiarabu vimo. Kiswahili hakimo. Kwa hiyo mama asiyesoma Kiingereza ahitaji kuyatambua maneno mawili kwa umbo lake, Tornado Warning, hata kama hataelewa mengine yote. Yakitokea, awaamshe watoto na kuingia bafuni.

Ahitaji pia kulijua jina la kaunti yake. Maonyo ya redio na televisheni hutaja kaunti, na mgeni aliyekaa miaka mitatu Bowling Green anaweza asijue kwamba yuko Warren. Simu isizimwe wala kunyamazishwa usiku wa angalizo. Na zile sauti zinazosambazwa kwenye makundi ya WhatsApp ziwe na saa, tarehe na jina la kaunti, la sivyo onyo la jana la jimbo jingine litawaamsha watu leo, na kesho hawataamka tena.

Makanisa na vyama vya Wakongomani na Warundi huko Kentucky, Iowa na Texas yana kitu ambacho Idara ya Hali ya Hewa haina: yanaaminika, na yanajua nani anaishi wapi. Ningependa Jumapili moja ya Februari, kabla ya majira ya tonado, mchungaji au mzee wa jumuiya amsimamishe kijana anayekijua Kiingereza mbele ya watu, akiwa na ramani ya kaunti. Aicheze ile sauti ya onyo ili kila mtu aisikie. Kisha kila familia itaje kwa sauti chumba itakachoingia, na wale wanaokaa kwenye nyumba za kuhamishika waambiwe palepale, kwa jina, ni nyumba ya nani watakayoikimbilia.